Fimbo Kongwe za Gofu: Ijue Kabla Hujaisugua

Mtu akirithi mfuko wa fimbo za gofu uliokaa stoo miaka mingi, au akiupata kwa bei ya chee, mkono wake huenda moja kwa moja kwenye siki, msasa na stilwuli. Ameona kutu na anataka aiondoe leo leo. Hamu hiyo ni nzuri, ila imeharibu fimbo kongwe nyingi kuliko kutu yenyewe. Utazikuta nembo zake zimefutika, kromu imebanduka, uso wa mbao uliobinuliwa kwa makusudi umesawazishwa ukawa bapa, shingo imeunguzwa na moto. Fimbo mbili zilizopata kutu sawasawa zinaweza kuwa za madini tofauti kabisa, na dawa inayoiponya moja ikaiua nyingine. Ndiyo maana nashikilia kwamba kazi hii inaanzia kwenye utambuzi: fimbo imetengenezwa kwa nini, na sehemu zake zimeunganishwaje. Ukishayajua hayo mawili, mengi yanayobaki yanafanyika mezani kwa vifaa vya kawaida, mradi huna haraka.

Sumaku itangulie msasa

Fimbo ina sehemu tatu: kichwa kinachopiga mpira, shafti, na gripu, yaani mshiko wa juu. Hadi miaka ya 1920 shafti nyingi zilikuwa za hikori, mti mgumu wa Amerika ya Kaskazini unaopinda bila kuvunjika kirahisi. Shafti za chuma zilikuwepo, lakini Royal and Ancient Golf Club ya St Andrews, Uskoti, iliyokuwa ikisimamia sheria za gofu sehemu kubwa ya dunia, ilizikubali mwaka 1929. Baada ya hapo hikori ilipotea viwanjani kwa kasi. Wachezaji waliozoea mbao hawakufurahia kuona chuma kinang'aa mikononi mwao, hivyo watengenezaji wa miaka ya 1930 walizivika shafti nyingi za chuma ganda lenye rangi ya mbao. Leo mtu anaiona shafti ya kahawia, anaamini ni hikori, anaanza kuipiga msasa. Gusisha sumaku. Ikinasa, ndani mna chuma, na lile ganda ndilo linaloipa fimbo sura yake na thamani yake. Usilikwangue.

Kwenye kichwa sumaku inasaidia pia, ingawa haimalizi kesi. Vichwa vya zamani vya fimbo za chuma vilifuliwa kwa chuma laini cha kaboni, na baadaye vikawa vinavikwa tabaka la nikeli na kromu. Katika miaka ya 1960 na 1970 vikaenea vichwa vya kumimina vya chuma kisichoshika kutu, na Karsten Solheim, mwasisi wa kampuni ya fimbo iitwayo Ping, alikuwa miongoni mwa waliovitia nguvu. Aina hizo mbili kwa kawaida hunasa sumaku. Kichwa kisichonasa ndicho cha kukitilia shaka. Seti nyingi za bei nafuu za watoto na wanaoanza zina vichwa vya zinki, ambavyo ni vyepesi kuvunjika shingoni, kwa hiyo usihangaike kuvikunja ili kubadili pembe yake.

Vingine vina rangi ya shaba iliyokolea. Baadhi ya hivyo ni vya shaba iliyochanganywa na beriliamu, vilivyopendwa sana miaka ya 1980. Vioshe kwa sabuni na maji, uishie hapo. Usivipige msasa, usivitie tupa, usivipeleke kwenye mashine ya kung'arisha. Vumbi la beriliamu likivutwa linaweza kuleta ugonjwa wa mapafu usiopona. Nasisitiza hili kwa sababu fimbo hizi ni nzuri, na uzuri wake ndio unaomshawishi mtu azing'arishe.

Itapigwa au itatundikwa?

Kuna fimbo ambazo hazihitaji ufufuaji wowote. Fimbo za hikori mara nyingi zina chapa ndogo ya fundi nyuma ya kichwa: Tom Stewart wa St Andrews, kwa mfano, alitumia chapa ya kiko. Wakusanyaji huisoma chapa hiyo ili wajue nani alifua kichwa na wakati gani. Ukikipeleka kwenye gurudumu la kung'arisha, unafuta kilichokuwa kinaitambulisha fimbo, na kile kijivujivu cha kahawia kilichotulia juu ya chuma kwa miaka themanini hakirudi. Fimbo ya namna hiyo ifute vumbi, ipake mafuta mepesi ya mashine kwenye chuma na nta kidogo kwenye mbao, basi.

Kama unataka kuipiga, usalama uje kabla ya urembo. Kichwa cha fimbo kinaporushwa na shafti kinakwenda kwa kasi ya kuumiza vibaya, na gundi ya miaka arobaini haitoi onyo. Shika kichwa kwa mkono mmoja na shafti kwa mwingine, jaribu kukizungusha huku umesikiliza. Mlio mdogo wa kukwaruza unatosha kukuambia gundi imekufa. Tazama kile kipete cheusi cha plastiki kilichopo shafti inapoingia shingoni: kikiwa kimepanda juu na kuacha pengo, huenda shafti imeanza kutoka. Tikisa fimbo karibu na sikio. Kitu kikigongagonga ndani, mara nyingi ni kipande cha gundi kilichokatika, lakini katika kichwa cha mbao kinaweza kuwa uzito wa risasi, yaani ile metali nzito, uliolegea.

Shafti za chuma huvunjika zaidi mahali kutu inapojificha, hasa juu kidogo ya kipete. Kutu ya juujuu inafutika. Ikiacha vishimo unavyovihisi kwa ukucha, shafti hiyo si ya kupigia tena. Shafti ya grafaiti, yaani ya nyuzi za kaboni zilizogandishwa pamoja, inadai macho makali zaidi: ipitishe pole pole chini ya mwanga, ukiizungusha, ukitafuta ufa au mahali rangi imesuguka na nyuzi nyeusi zimejitokeza. Rangi iliyochubuka haina neno. Nyuzi zilizokatika hazirudi, na kuzipaka rangi juu ni kuficha hatari.

Kutu na kromu

Anza na maji ya uvuguvugu, sabuni ya vyombo na brashi laini. Tumbukiza uso wa kichwa tu, usizamishe shingo, maana maji yanapenyeza kwenye kiungo na kuozesha chuma kutoka ndani. Uchafu uliogandamana kwenye mifuo, ile mistari iliyochimbwa usoni, uchokonoe kwa kijiti cha meno au brashi ya nyuzi za shaba. Nyuzi za chuma zinakwaruza. Kausha kabisa, kisha ndipo uangalie una kutu kiasi gani, kwani mara nyingi nusu ya kilichoonekana kuwa kutu kilikuwa udongo.

Kromu ni tabaka jembamba mno, na haishiki kutu. Madoa ya kahawia unayoyaona juu yake ni chuma cha chini kilichopata hewa na unyevu kupitia vitundu au nyufa, kisha kutu ikajitokeza juu. Hili linabadilisha namna ya kulitibu. Huhitaji kusugua kromu. Unahitaji kufuta kilichomwagika juu yake na kuziba tundu. Kunja kipande cha karatasi ya alumini ya jikoni, ilowe maji kidogo, sugua taratibu. Alumini ni laini kuliko kromu, hivyo inaondoa kutu bila kuacha mikwaruzo. Baada ya dakika chache utaona tope la kijivu, na chini yake kromu inang'aa. Futa, kausha, paka nta ya gari ili hewa isirudi kwenye vile vitundu. Penye madoa magumu tumia stilwuli laini kabisa, ile ya daraja la 0000, pamoja na tone la mafuta. Ukiona rangi ya manjano hafifu imeanza kutokeza, umefika kwenye nikeli. Acha hapo hapo.

Siki nayo ina mahali pake, ambapo ni chuma kitupu kisichovikwa kitu. Asidi yake inaila kutu, lakini ikiachwa muda mrefu inakula na chuma. Kwenye kichwa chenye kromu iliyopasuka inapenya chini ya tabaka na kuendelea kuliinua. Kwa hiyo kwa chuma kitupu, funga kitambaa kilicholowa siki mahali penye kutu, kiangalie kila baada ya nusu saa, sugua kwa brashi ya shaba, rudia inapobidi. Ukiridhika, osha kwa maji yenye kijiko cha soda ya kuokea ili asidi iliyobaki ife, kausha upesi kwa kitambaa na hewa ya moto ya kukaushia nywele, paka mafuta. Ukichelewa, kutu mpya ya rangi ya chungwa inatokea mbele ya macho yako. Jambo jingine: usichanganye siki na dawa ya klorini ya kufulia nguo. Mchanganyiko huo unatoa gesi ya sumu.

Kromu iliyobanduka vipande vikubwa haitengenezeki nyumbani. Kuivika upya ni kazi ya karakana yenye kemikali kali, na kwa fimbo ya kawaida gharama haina maana. Kwenye kingo zilizobanduka lainisha ncha kali kwa msasa wa namba kubwa zisikukate, kisha ziache na mafuta yake.

Mifuo iliyochakaa inawatamanisha wengi. Kuna vyuma vidogo vinavyouzwa kwa ajili ya kuichimba upya, na vinafanya kazi. Ila sheria za gofu zinaweka mipaka: upana wa mfuo usizidi milimita 0.9 na kina kisizidi milimita 0.5 hivi, na tangu 2010 watengenezaji wanabanwa pia kuhusu ukali wa kingo. Mkono usio na mashine ya kuuongoza hauwezi kuhakikisha vipimo hivyo. Kutoa uchafu uliokauka ndani ni salama. Kuchimba chuma ni jambo lingine, na kwa mtu anayeshiriki mashindano naona halifai.

Vichwa vya mbao

Hapa ndipo kazi inapokuwa tamu. Kwa miongo mingi vichwa vya fimbo za masafa vilichongwa kwa persimoni, mti mzito wenye nyuzi zilizobanana. Kampuni ya TaylorMade ilileta draiva, yaani fimbo ya kupigia mbali zaidi, ya chuma mwaka 1979, na taratibu mbao ikaondoka. Mchezaji Bernhard Langer aliposhinda Masters, moja ya mashindano makubwa ya gofu, mwaka 1993 akiwa na draiva ya persimoni, ilikuwa mara ya mwisho kwa mtu kushinda shindano kubwa la wanaume kwa draiva ya mbao. Fimbo hizo bado zimejaa kwenye stoo za watu, na nyingi zinaweza kuimba tena.

Adui wa persimoni ni maji. Vanishi ikipasuka, mbao inanyonya unyevu, inavimba, kisha inakauka na kusinyaa, na kipande kilichopachikwa usoni kinalegea. Kwa hiyo unachokitengeneza hasa ni ule ukuta wa vanishi.

Fungua kwanza uzi uliozungushwa shingoni, kisha skrubu za bamba la chini. Zingatia skrubu hizi. Fundi wa kiwandani alizikaza halafu akazipiga tupa hadi vichwa vyake vikawa sawa na bamba, kila skrubu ndani ya tundu lake. Ukizichanganya, moja itachomoza na nyingine itazama. Chora umbo la bamba kwenye kipande cha boksi na uchomeke kila skrubu mahali pake. Chini ya bamba unaweza kukuta risasi iliyomiminwa kuongeza uzito. Usiichokonoe, na nawa mikono ukimaliza.

Vanishi ya zamani iondoe kwa dawa ya kubandulia rangi, ukivaa glavu, mahali penye hewa. Msasa unakuja mwishoni, mwembamba, na kamwe usiuzungushe kwenye kibao bapa unapofika usoni. Uso wa draiva umebinuka kutoka kushoto kwenda kulia na kutoka juu kwenda chini, na mbinuko huo una kazi. Mpira ukigongwa upande wa ncha ya kichwa, ule ulio mbali na shafti, unaanza safari ukielekea nje, kisha mzunguko unaotokana na kichwa kugeuka unaurudisha kuelekea katikati. Sawazisha mbinuko huo na umeondoa msaada wote kwa mchezaji anayekosea kidogo, yaani sisi sote. Tumia vidole vyako kama kibao, ufuate umbo ulilolikuta.

Ukitaka kubadilisha rangi, paka rangi ya mbao na uache nyuzi zionekane. Kisha weka vanishi ya poliyurethani matabaka membamba, kila moja likauke vizuri, ukipitisha msasa mwembamba kati ya tabaka na tabaka. Matabaka manne mpaka sita membamba ni bora kuliko mawili mazito yanayochuruzika.

Uzi wa shingoni unafungwa bila fundo. Laza ncha ya uzi uliopakwa nta kwenye shingo, anza kuzungusha juu yake ukibana kila mzunguko ulale ubavuni mwa mwenzake. Ikibaki mizunguko kama kumi, laza kitanzi cha uzi mwingine, kichwa chake kikielekea unakokwenda, endelea kuzungusha juu yake. Ukifika mwisho kata uzi, pitisha ncha ndani ya kitanzi, uvute kitanzi: kinaburuza ncha chini ya mizunguko na kuifunga. Ukikosea, unafungua na kuanza upya bila hasara yoyote.

Shafti za hikori zipake mafuta ya kitani kidogo kidogo, ufute yote yasiyonyonywa. Shafti ikicheza shingoni usiiloweke majini kama wengi wanavyoshauri. Inavimba leo, inakauka kesho, inalegea zaidi ya mwanzo. Na vitambaa vyenye mafuta ya kitani usivifinyange ukavitupa kwenye pipa. Mafuta hayo yanapokauka yanatoa joto, na kitambaa kilichokunjwa kinaweza kuwaka moto chenyewe. Vitandaze nje vikauke, au uvitumbukize kwenye kopo la maji.

Kung'oa kichwa

Ukigundua gundi imekufa, kichwa lazima kitoke. Kabla ya moto, tafuta pini. Fimbo nyingi za zamani zina msumari mdogo uliopitishwa shingoni ukapigwa tupa mpaka ukawa karibu hauonekani. Usugue kwa stilwuli, utaona kiduara. Usipoutoa kwa kipigio chembamba na nyundo, hakuna moto utakaokusaidia.

Bana shafti kwenye jiliwa ukiwa umeizungushia raba, ipashe shingo kwa kipuliza hewa moto huku ukikizungusha kila upande. Gundi ya epoksi huanza kulegea joto linapopita nyuzi 100 hivi za Selsiasi. Kwa shafti ya chuma, kichwa kinazungushwa na kuvutwa. Kwa grafaiti usizungushe hata kidogo: nyuzi zake zinapasuka kwa ndani huku nje zikionekana nzima, na joto lenyewe linaziharibu. Inavutwa moja kwa moja kwa kifaa maalumu cha kuvutia shafti. Asiye nacho ampelekee fundi. Kichwa cha mbao nacho hakipigwi moto wa wazi.

Kusafisha ndani ya shingo ndiko kunakoamua kama gundi mpya itashika. Kwangua epoksi yote ya zamani, kwaruza ncha ya shafti ya chuma kwa msasa mpaka mng'ao wa kromu upotee, futa mafuta kwa asetoni. Epoksi ya dakika tano iliyoko kwenye kila duka haifai hapa. Tumia ile ya kukauka taratibu, inayovumilia mishtuko, na uiache saa 24 kamili bila kuigusa.

Gripu

Hakuna matengenezo yanayobadilisha hisia ya fimbo haraka kama gripu mpya. Raba inazeeka kwa jua, hewa na mafuta ya mikono, inakuwa ngumu na kung'aa. Ikiwa bado haijapasuka, ioshe kwa sabuni na uipitishie msasa kidogo, itarudisha mnato kwa muda. Ikipasuka, ikate kwa kisu chenye ncha ya ndoano, ukikata kuelekea mbali na mwili wako, na kwenye grafaiti usiruhusu ncha iguse shafti.

Ondoa utepe wa zamani wote. Bandika utepe wa gundi pande mbili, mwisho wake ukunje kidogo ndani ya mdomo wa shafti. Ziba kitundu cha gripu kwa kidole, mimina tapentaini ndani, tikisa, imwage juu ya utepe uloe wote, kisha sukuma gripu kwa mkono mmoja bila kusita hadi igonge mwisho. Ukisimama katikati, itanasa hapo. Una dakika chache za kuinyoosha ili alama zake zilingane na uso wa fimbo, halafu iache mpaka kesho yake. Usipate kigugumizi na kiasi cha tapentaini: watu wengi wanakwama kwa kuweka kidogo.

Angalia pia kipimo. Gripu nyingi zina tundu la inchi 0.580 au 0.600, na shafti ya zamani inaweza isilingane na uliyoinunua. Uzito nao una maana. Gripu ya kawaida ina gramu 50 hivi, na ukiweka iliyozidi kwa gramu tano, kichwa kitahisi chepesi kwa pointi moja katika mizani ya fimbo, yaani kipimo cha jinsi kichwa kinavyohisi kizito mkononi. Fimbo za hikori zenye ngozi ya kuzungusha ziachie ngozi yake. Ipake mafuta ya ngozi na uibandike upya ilipoachia.

Baada ya hapo

Fimbo iliyofufuliwa iwekwe mahali pakavu, kwenye joto la kawaida la nyumba. Buti ya gari juani inalainisha epoksi na kukausha persimoni hadi ipasuke. Kofia za vichwa zivue zikilowa, kwa sababu zinashikilia unyevu usiku kucha. Kwa mbao na hikori tumia mipira laini. Mipira migumu ya siku hizi inaponda kipande cha usoni na kupasua shingo. Halafu baada ya raundi ya kwanza kagua tena kila kiungo, hasa pengo kati ya kipete na shingo. Likiwa limefunguka hata kwa upana wa ukucha, itoe fimbo hiyo mfukoni na urudie gundi kabla haijapigwa tena.